Nyumba Iliyoogopa Alfajiri

Siku tuliyomzika Dani, kila aliyeshika kipaza sauti alisema kwamba yule mama hakuogopa kitu. Mchungaji alisema hivyo. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama akasema hivyo pia, akaongeza kisa cha Dani kumuua nyoka jikoni kwa mwiko wa ugali kisha akaendelea kusonga, na watu wakaangua kicheko chini ya mahema. Mwanawe Samwel, ambaye sasa ana mvi kunishinda, alisema mama yake alimlea peke yake na kwamba hakuwahi kumwona akitetemeka. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma pamoja na wageni wa mbali, sahani ya wali na nyama mapajani, nikitafuna polepole. Niliishi katika boma lile la Nyamasaria mwaka mmoja tu, nikiwa msichana aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi, lakini najua kwamba Dani aliogopa kitu kimoja. Hakuogopa giza, wala wezi, wala mto unapofurika na kuingia mpaka kwenye majiko ya watu. Aliogopa alfajiri.

Aliyenipigia simu kunipa habari za kifo ni mkaza mwana wake. Jina lake la kanisani ni Rosa, lakini huko mke huitwa kwa mahali alikotoka, naye alitoka Awasi, kwa hiyo tangu aolewe yeye ni Nyar Awasi, binti wa Awasi, na mimi sijawahi kumwita jina jingine. "Mwalimu, Mama ametuacha," aliniambia. Nikamuuliza lini. "Leo asubuhi. Jua ilikuwa imetoka kabisa." Mimi sikuwa nimemuuliza habari za jua. Simu ikaendelea kula salio lake, mimi huku kwangu na yeye kule, na nikajua kwamba sote wawili tumesimama tena katika sebule ile, katika mwaka ule, na mtoto analia.

Nilifika pale mwezi wa Januari na sanduku la bati na viatu vilivyokuwa vikinibana. Ya nyumbani kwetu siyaelezi hapa. Ni marefu, na wenyewe bado wako hai wa kunigombeza. Shule moja ya msingi ilihitaji mtu wa kushika darasa la Kiswahili wakati mwalimu mwenyewe yuko likizo ya uzazi, na likizo ile ikageuka uhamisho, nami nikabaki mwaka mzima. Dani alikuwa na chumba cha pembeni. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao lenye bawaba moja iliyong'oka, na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, iliyoingia kwenye kuta za udongo ikakataa kutoka. Ukuta uliotenganisha chumba changu na sebule haukufika juu kwenye mabati, kwa hiyo kila kilichosemwa upande ule nilikisikia, hata ambacho nisingetaka. Dani ni nyanya kwa Kijaluo. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ya kucheka hata akiwa anakemea. Mimi aliniita Jamwa, yaani mtu wa kuja asiye Mjaluo, na alilitamka kwa upole hivi kwamba baada ya wiki moja nilikuwa naitika bila kufikiri.

"Jamwa, leo hakuna kuku," alikuwa akiniambia tunapoketi kula. "Na usiende kwa jirani kuchungulia kama wao wako nayo. Nyinyi watu wa huko, kuku akiwaona anakimbilia kanisa." Nami nilikuwa namjibu kwamba sisi angalau tunakula kitu chenye miguu, si kichwa cha samaki kinachokuangalia ukimeza. Alikuwa akicheka mpaka anajipangusa macho kwa upindo wa leso. Ugali wake ulikuwa mweusi wa mtama, mgumu, na mrenda, ile mboga ya majani ya kuteleza, aliupika kwa maziwa mpaka ukawa laini. Sijala tena mrenda kama ule, na nimejaribu.

Asubuhi yangu ya kwanza niliamka bado kuna giza ili niwahi shule. Nilipofika sebuleni nikashika komeo la mlango wa mbele, na kumbe Dani alikuwa pale. Alikuwa ameketi kwenye kiti, amevaa tayari, blanketi mabegani, uso ameuelekeza mlangoni. Sikuwa nimesikia hata akipumua. "Wacha hiyo," alisema. Nikamwambia nimechelewa. "Mlango yangu haifunguliwi kama jua haijatoka." Nikamuuliza na shule je. "Pitia jikoni," alisema, bila kuondoa macho mlangoni. Jikoni kulikuwa na kamlango ka nyuma, ndiko nilikotokea mwaka mzima, nywele zikinuka moshi, mpaka wanafunzi wakanipa jina la Mwalimu Moshi. Nilidhani ni mambo ya uzee. Lakini siku zilivyokwenda nikaona ni zaidi ya mlango. Boma lile halikuwa na jogoo; kuku walikuwepo, jogoo hapana, na jogoo wa majirani walipoanza kuwika Dani alikuwa akikaza blanketi. Watu wa pale husalimiana "oyawore" kukikucha, lakini katika nyumba ile hakuna aliyeitamka salamu hiyo mpaka jua lilipofika juu ya ua wa boma. Hapo ndipo Dani alipoinuka kitini, akafungua, akaanza kutania watu, akawa mtu yule yule waliyemsifu kwenye kipaza sauti.

Upande wa kulia wa nyumba yake palikuwa na tuta la udongo, mabaki ya nyumba iliyoachwa ianguke yenyewe. Nyasi zilikuwa zimeota juu yake. Nyar Awasi alifagia ua wote kila siku, akifika pale anapinda na ufagio, anazunguka kwa mbali.

Katika kitabu cha darasa la nne kulikuwa na somo la nyakati za siku: alfajiri, macheo, asubuhi, adhuhuri, alasiri, magharibi. Niliyaandika ubaoni nikidhani nitatumia wiki nzima kuyaeleza, maana watoto wale Kiswahili walikutana nacho shuleni tu na sokoni. Nilipouliza alfajiri ni wakati gani, msichana mmoja wa mbele alisimama, akasema, "Ni wakati ya mimi, Mwalimu." Aliitwa Amondi. Wajaluo humpa mtoto jina la saa aliyozaliwa: anayezaliwa kabla jua halijachomoza ni Omondi au Amondi, wa asubuhi ni Okinyi au Akinyi, anayefuata ni Onyango, wa jua la utosini ni Achieng', wa jioni ni Odhiambo, wa usiku ni Atieno. Kwetu mtoto hupewa jina la majira, mimi ni Nekesa kwa sababu nilizaliwa wakati wa mavuno, kwa hiyo jambo lile lilinipendeza mno. Niliwapanga mbele ya ubao kwa mstari, saa baada ya saa, siku nzima imesimama peku ikichekacheka, kila mmoja ameshika kadi ya neno lake la Kiswahili. Amondi alishika alfajiri. Sijawahi kufundisha somo zuri kuliko lile, na baadaye nilisomea ualimu na nikafundisha mpaka nikastaafu.

Jioni tukila nikamsimulia Dani. Nilimwonyesha kwa vidole jinsi walivyosimama, nikaanza kuwataja kutoka mwanzo wa mstari. Dani aliweka tonge lake kwenye sahani. "Hiyo jina ya kwanza," alisema, "usiwahi leta kwa hii nyumba tena." Nikauliza jina gani, Amondi? Nyar Awasi akanikanyaga mguu chini ya meza. Dani alinawa mikono akaingia chumbani kwake, na samaki wake akabaki nusu. Tulipokuwa tunaosha vyombo Nyar Awasi akanong'ona. "Kulikuwa na nyieke wake, bibi wa pili wa mzee. Ndio aliitwa hivyo. Nyumba yake ndio ile imeanguka." Nikauliza alikufa na nini. "Kuzaa. Alikufa na mtoto kwa tumbo. Mimi niliambiwa tu na jirani. Wewe usiulize, Mwalimu." Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana, na alipokuwa akisema neno kuzaa aliweka mkono wake wenye povu la sabuni juu ya tumbo.

Ilikuwa mimba ya tatu. Wawili wa kwanza, wasichana wote, walizaliwa wazima, wakaletwa nyumbani, na kukikucha wakawa wanakataa ziwa. Walikataa alfajiri tu. Jua likitoka wananyonya. Halafu kila siku wakawa wanakawia zaidi kulishika, mpaka kila mmoja kwa wakati wake akafa, kabla ya mapambazuko, mikononi mwa mama yake. Wa kwanza Dani alimpa jina la mama yake mzazi, wa pili la dada yake. Haya yote niliyasikia kupitia juu ya ukuta, siku ambazo Samwel alikuwa nyumbani. Alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya mpunga upande wa Ahero na alirudi wikendi tu, mtu mpole, mwenye tope lisilotoka kwenye kucha. Jumapili moja ya mvua nilimsikia mkewe akimwambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua: "Nikizika huyu pia, mimi narudi Awasi, Samwel. Na usinifuate." Nilimsikia Samwel akivaa viatu vyake, akavivua tena.

Siku hizi kila uchaguzi ukikaribia, mabango ya pale mjini Kisumu huahidi mapambazuko mapya, na mgombea ametabasamu huku jua limechorwa nyuma ya kichwa chake. Vitabu vyetu vya shule navyo ni vile vile. Alfajiri ni matumaini, macheo ni mwanzo mpya, mwandishi akitaka mambo yamwendee vizuri mhusika wake anamfungulia dirisha asubuhi. Nimewasahihishia watoto insha za namna hiyo miaka yote na kuwapa alama zao. Lakini mimi neno hilo likitajwa nywele za shingo hunisimama. Nimeona kwamba saa ile haina upande. Inafungua tu, na kinachoingia ni kile kilichokuwa kinangoja nje.

Mtoto alizaliwa hospitalini mjini, mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Alikuwa msichana tena, mnene, mwenye sauti. Madaktari walimpima mara mbili kwa sababu mama aliwasihi, wakasema hana kasoro yoyote, na kweli hakuwa nayo. Alfajiri ya kwanza nyumbani aliliacha ziwa. Nilikuwa nimeamka, nikasikia kilio kile kikianza, si kilio cha njaa wala cha tumbo. Kilikuwa kinapanda, kinakatika, kinangoja kidogo, kisha kinaanza tena. Nilichungulia. Nyar Awasi alikuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka, ziwa nje, machozi yanashuka. Dani alikuwa kwenye kiti chake, ameutazama mlango. Kila mtoto alipokatisha kilio, alikuwa anageuza uso upande ule ule wa mlango. Jua lilipotoka akanyonya, akalala. Kesho yake alikawia zaidi. Samwel aliwachukua wakarudi hospitalini, wakakaa huko, akanyonya vizuri saa zote, wakarudishwa. Alfajiri iliyofuata nyumbani akakataa tena. Mashavu yake yalianza kuingia ndani, na mimi nikaanza kuogopa kumtazama.

Ndipo Dani alipoamua atupwe. Usishtuke, ni desturi ya zamani ya huko, na hutupwa kwa maneno tu. Mama anayefiwa na watoto mfululizo, mtoto anayefuata huwekwa njia panda kukikucha, kama kitu kisicho na mwenyewe. Mwanamke wa nje hupita akamwokota, akatangaza kwamba ameokota mtoto. Watu wa boma wanamwomba awaachie wamlee. Basi kifo kikija kuulizia mtoto wa nyumba ile kinaambiwa hayupo, aliyepo ni wa kuokotwa. Watoto hao huitwa Awiti au Ajwang', na wamejaa kila mahali huko, wengine ni mameneja wa benki. Aliyechaguliwa kumwokota alikuwa mimi, kwa sababu ndiye mtu wa nje aliyekuwa karibu. "Wewe, kifo hakijui watu wenu," Dani aliniambia. Sharti lilikuwa moja: nisifungue mdomo mpaka nimshike mtoto. Samwel hakupenda, alisema sisi ni watu wa kanisa. Dani akamwambia kanisa litamkuta mtoto akiwa hai.

Nilitoka kupitia jikoni kungali giza, nikazunguka mbali hadi kwenye mashina ya miwa, kisha nikarudi na ile njia kama msafiri. Ukungu ulikuwa umetoka ziwani ukalala juu ya uwanda wote, na ndani yake wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamejaa, wananiingia puani na kwenye kope. Mbali barabarani lori lilikuwa linabadilisha gia. Mahali alipowekwa mtoto, nilijua ni mbele yangu kidogo, kwenye ungo, njia inapoachana kwenda langoni. Hakuwa akilia. Nilipokaribia nikaona kuna mtu amesimama pale.

Alikuwa mwanamke mfupi, amejitanda shuka ya rangi ya udongo, na alikuwa mjamzito wa siku za mwisho. Mkono mmoja aliushikilia mgongoni, pale kiunoni, vile wanavyofanya uchungu ukianza. Nilidhani ni Nyar Awasi, halafu nikakumbuka kwamba Nyar Awasi amekwisha kujifungua. Nilitaka kumwita nikakumbuka sharti. Aliinama kwa shida, akautazama ungo muda mrefu, akainuka kwa shida vile vile. Kisha akashika njia ya langoni, polepole, akasimama mara moja kushika nguzo ya lango, akaingia. Miguu yangu ilinifikisha kwenye ungo bila mimi kuiomba. Nyasi zote zilikuwa zimelowa umande, viatu vyangu vilikuwa vimelowa chepechepe, lakini blanketi la mtoto lilikuwa kavu na lenye joto. Mtoto alikuwa macho. Alikuwa anatazama lango.

Nilimbeba nikaingia. Ua ulikuwa mtupu. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, kwa mara ya kwanza nikiuona wazi saa hiyo, na Dani amesimama kizingitini ameishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili. Nikasema niliyofundishwa: nimeokota mtoto, ni wa nani? Samwel na mkewe wakajibu hawamjui. Dani alitakiwa aniombe, ikabidi Samwel amguse bega. "Tuachie," alisema. Tulipoingia ndani nikauliza ni nani yule mama aliyeingia mbele yangu. Wote walinitazama. Samwel akasema hakuna aliyeingia. Walikuwa wamesimama pale muda wote, wakiangalia lango. Dani akaniuliza, taratibu, alikuwaje. Nikamweleza: mfupi, shuka ya rangi ya udongo, mimba kubwa, mkono mgongoni. Dani aliketi chini sakafuni, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikaa chini, na akafunika kichwa kwa leso.

Siku hiyo mtoto hakunyonya hata jua lilipotoka. Alikataa asubuhi, alikataa adhuhuri, alikataa jioni. Alimeza maji ya sukari kidogo kwa kijiko, akayatema. Samwel alikwenda kutafuta gari la kuwarudisha hospitalini, lakini mvua ilikuwa imenyesha, mto ulikuwa umepanda juu ya njia, na mwenye gari alisema mpaka kesho. Nilimsikia Nyar Awasi akikunja nguo zake na kuzitia kwenye mfuko, moja baada ya nyingine, bila kulia. Ugali uliwekwa mezani ukapoa, ukaondolewa.

Alfajiri iliyofuata mtoto hakuwa na nguvu ya kulia. Alikuwa akifungua mdomo tu. Dani aliinuka kitini, akaja akaketi mkekani mbele ya mkaza mwana, na kuanza kuwaita waliokufa. Hiyo nayo ni njia yao: mtoto akikataa ziwa, huenda kuna marehemu anayetaka aitwe ndani yake, basi hutajwa jina moja moja huku mama akimpa ziwa, na jina atakalonyonya nalo ndilo lake. Dani alimtaja baba mkwe wake na mama mkwe wake. Aliwataja shangazi wa mume, walioolewa Nyakach, waliozikwa Pap Onditi, na yule aliyezama ziwani. Aliwataja watu wa kwao. Alitaja majina mpaka sauti ikamkauka, na kila jina mtoto aligeuza uso upande wa mlango.

"Mama, kuna mmoja umeruka," alisema Nyar Awasi.

"Wameisha."

"Hawajaisha. Kuna mmoja. Hata huyu mtoto anajua." Nyar Awasi hakuwahi kumpandishia sauti mama mkwe wake, hata mezani alikuwa akiongea ameinamisha macho. Sasa alimtazama usoni. "Mimi siwezi kumuita. Mimi sikumjua. Wewe ndio ulimjua. Mama, nakuomba. Usiniache nizike huyu kwa sababu ya jina."

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba changu na niliona mwili wa Dani ukitetemeka, mabega, kidevu, mikono, ule mwili ambao mwanawe hajawahi kuuona ukitetemeka kwa sababu wakati huo alikuwa nje akingoja gari. Nje kulianza kupata rangi. Mwanga wa kijivu ulipita chini ya mlango ukafika kwenye mkeka. Dani aliutazama mwanga ule. Akasema, "Amondi." Alilisema kwa kunong'ona, na mtoto akatulia. Akasema tena kwa sauti, "Amondi, nyieka, ingia." Mtoto aligeuza uso kutoka mlangoni, akatafuta ziwa kwa mdomo kama wanavyotafuta watoto wote, akalishika. Tulimsikia akimeza. Nyar Awasi alilia kwa sauti sasa, na mimi nililia, na nilifurahi, na niliogopa vibaya sana, yote kwa pamoja.

Watu huniuliza kama naamini. Mimi ni mzee wa kanisa na nimefundisha mantiki ya insha kwa watoto wa watu, kwa hiyo huwajibu kwamba watoto wachanga wana mambo yao. Ninaloweza kusema ni kwamba hakukataa tena. Aliitwa Amondi, wa alfajiri, ingawa alizaliwa mchana kweupe na saa yake haikuwa hiyo, na kila mtu wa mtaani alilishangaa jina lile. Leo ana watoto wake. Mazishini ndiye aliyenipakulia chakula na kunitafutia kiti chenye mgongo. Na nilimaliza mwaka ule nikiwa mtu mwingine, mwenye kusikiliza kabla ya kusema, jambo ambalo wanaonifahamu watalibishia.

Lakini kuna sehemu moja ambayo sikumwambia mtu, hata Nyar Awasi, kwa sababu aliyeisema hakujua namsikia, na sasa amezikwa. Ilikuwa asubuhi ile ile. Samwel alikuwa amerudi, amemwona mtoto ananyonya, amekwenda kumwambia mwenye gari asije. Nyar Awasi alikuwa amelala, amechoka kabisa. Mimi nilikuwa kitandani kwangu, na Dani alibaki peke yake sebuleni na mtoto mapajani. Alianza kuongea naye kwa Kijaluo, na Kijaluo wakati huo nilikuwa nakisikia kuliko nilivyojionyesha. Alimwambia kwamba mume wao alikuwa mbali kazini mwaka ule. Alimwambia kwamba alikuwa na wivu naye, mdogo, mzuri, na mimba yake ya kwanza. Alimkumbusha jinsi uchungu ulivyomshika kabla hakujakucha, akatoka kwenye nyumba yake, akavuka ua ameshika mgongo, akaja kugonga hapa kuomba msaada. Watu waliambiwa kwamba mke mkubwa alikuwa usingizini na hakusikia, wakamwamini, wakamhurumia kwa kufungua mlango jua likiwa juu na kumkuta pale chini. Kisha nikasikia kiti kikilia, na nadhani alikuwa amemwinamia mtoto, maana maneno ya mwisho yalikuja chini sana.

"Sikuwa nimelala, Amondi. Nilikuwa nimekaa kitandani. Nilikusikia mpaka uliponyamaza."